Esere: Kutoka Mwavi hadi Dawa ya Macho

Sisi walimu wa lugha hupenda kusema kwamba neno ni ghala ya historia. Ushahidi mmoja ni eserini, jina la dawa ya macho lililotokana na esere, neno la Kiefiki, lugha ya watu wa Calabar, kusini-mashariki ya Nigeria.

Esere ni mbegu ya mmea wenye kupanda miti, uotao kandokando ya mito. Zamani mbegu hiyo ilikuwa mwavi. Mshitakiwa alinyweshwa maji yake: akitapika na kupona, alihesabiwa hana hatia; akifa, hatia ilimthibitikia.

Mbegu hizo zilifika Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1855 Robert Christison, bingwa wa elimu ya sumu, alizionja mwenyewe akaugua vibaya. Mwaka 1862 Thomas Fraser alieleza kwamba sumu yake huibana mboni ya jicho, na mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson aliijaribu katika jicho lake mwenyewe. Mwaka 1865 Wafaransa Vée na Leven wakakitenga kiini chake, wakakiita eserini.

Faida yake kubwa ilidhihirika mwaka 1876. Ludwig Laqueur, tabibu wa Strasbourg, alionyesha kwamba matone yake hushusha presha ya jicho katika glaukoma, maradhi yauayo polepole mshipa wa fahamu wa kuonea. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa maradhi hayo. Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa kisu cha mpasuaji. Hatimaye, mwaka 1935, Percy Julian, Mmarekani mweusi, mjukuu wa mtumwa, pamoja na Josef Pikl, waliiunda dawa hiyo katika maabara bila ya mbegu.

Hii si ruhusa ya kujitilia majani machoni. Mbegu ni ile ile iliyoua. Kilichoigeuza kuwa dawa ni kipimo. Siku hizi matabibu hutumia zaidi dawa nyingine kwa glaukoma.

Vitabu vimehifadhi majina ya mabingwa wa Ulaya na Marekani. Majina ya Waefik walioijua mbegu hiyo kwanza hayamo, wala ya wale iliowaua. Limesalia neno lao tu. Atamkaye eserini, ajue asijue, anasema Kiefiki.