Udongo wa Ruiru, Magamba ya Malindi

Maji ya bamvua yakikupwa Malindi, miamba hubaki wazi imejaa mwani. Chuma shada moja, ulikung'ute ndani ya ndoo ya maji, kisha usubiri. Kinachotua chini kama mchanga ni magamba: konokono wadogo kuliko kichwa cha pini, na foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea visahani vyeupe vyenye vyumba ndani. Baadhi yao hufuga mwilini vijimea vinavyowalisha, navyo haviishi bila jua.

Wakifa, magamba yao huwa mchanga, na mchanga huo ukishikana na mabaki ya matumbawe huwa jiwe. Kwa jiwe la namna hiyo ulijengwa mji wa kale wa Gedi, na pia ngome ya Fort Jesus ya Mombasa iliyoanzishwa 1593. Lilichomwa likatoa chokaa ya kuziunganishia kuta. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi 1498, Waswahili walikuwa wameishi ndani ya kazi ya viumbe hawa kwa karne nyingi.

Lakini sura ya karne ya 20 haiwezi kuandikwa pwani peke yake. Lazima tupande bara hadi Kiambu.

Miji ya Thika na Ruiru iko karibu, ila mito yake imeachana. Mto Thika huingia Tana. Tangu bwawa la Masinga likamilike 1981, tope lake jingi hutua humo. Mto Ruiru humwaga maji yake Athi, nao Athi, ukiitwa Galana kisha Sabaki, hufika baharini kaskazini mwa Malindi. Katika karne yote iliyopita hapakuwa na bwawa kubwa la kuuzuia Athi.

Walowezi wa Kizungu walitwaa ardhi ya huko, reli ikafika Thika 1913, na vilima vikalimwa kahawa na katani. Wenyeji walisukumwa kwenye maeneo finyu yaliyolimwa bila kupumzishwa. Baadaye serikali ya kikoloni ikalazimisha uchimbaji wa matuta, mzigo ukawaangukia wanawake, na mwaka 1948 wanawake wa Murang'a, jirani na Kiambu, wakagoma. Walikuwa na haki: udongo ulikuwa ukipotea kweli, lakini waliotakiwa kuuokoa bila malipo hawakuwa walioleta msongamano ule.

Bahari iliweka kumbukumbu. Mwaka 2007 mtafiti Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Udongo wa mto ukikutana na maji ya chumvi huachia bariamu, na tumbawe huijenga ndani ya mifupa yake mwaka kwa mwaka. Kwa karne mbili kiwango kilikuwa karibu kilekile. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa kinapanda bila kukoma. Sijui hati ya ukoloni iliyo aminifu kuliko hiyo.

Kwa vijigamba vya kwenye mwani, tope ni giza: hufunika majani, huzuia jua. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, inalinda dhidi ya nyavu, si dhidi ya mto.

Leo Ruiru, nyumbani kwa utafiti wa kahawa na mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa 1985, mikahawa inang'olewa kupisha mitaa ya nyumba. Viwanja husawazishwa, ardhi ikabaki tupu hadi ujenzi uishe. Mvua za vuli huikuta hivyo, na ni katika miezi hiyo kaskazi huanza kuvuma na kulisukuma tope la Sabaki kusini, kwenye miamba ya Malindi.