Tanuu la Chokaa na Mizani ya Wabajuni

Swali ambalo halikosi kumfikia mwanafunzi wa kemia katika shule ya sekondari, awe Kismayu, awe Lamu, awe Unguja, ni hili: gramu 100 za kalsiamu kaboneti zikichomwa kwa moto mkali mpaka uzito wake usipungue tena, zitasalia gramu ngapi? Mwanafunzi huandika uzito wa atomu, kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu, akajumlisha akapata 100. Kisha huondoa 44 za hewa ukaa iliyotoka, zikasalia 56. Na aghalabu hulifunga daftari lake akidhani kwamba hesabu ile imekuja kwa meli kutoka ng'ambo, pamoja na kitabu kilichoiandika. Nami nimeazimu kueleza ya kuwa jambo hilo hilo lilikwisha kutendwa kwa matumbawe na magogo ya mikoko katika visiwa vya Wabajuni, karne kadhaa kabla ya shule za namna hiyo, na ya kuwa jawabu lake lingali limesimama huko katika kuta.

Visiwa hivyo, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo, vimefuatana kando ya pwani ya Somalia toka kusini ya Kismayu, mji ambao jina lake wengi hulifasiri kuwa Kisima-yuu, yaani kisima cha juu, mpaka karibu na Ras Kiamboni penye mpaka wa Kenya. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe lililoinuka baharini. Udongo ni haba, maji matamu ni haba, na watu wake wameishi kwa nyavu, kwa kasa na kwa vyombo. Juu ya jiwe hilo kuna magofu ya misikiti na makaburi yaliyojengwa kwa ustadi ambao haukosi kumstaajabisha mtazamaji. Vinigi Grottanelli, mtaalamu wa Kitaliani aliyetoa mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya wavuvi hawa, na Neville Chittick, aliyeyapima magofu ya pwani hii katika miaka ya 1960, wametuachia habari ambazo kila mpenda historia apaswa kuzishukuru. Lakini msomaji wa magofu huvutwa kwanza na mihirabu na nguzo za makaburi, ilhali kitu kilichoshika vyote hivyo pamoja, chokaa, hupitiwa kwa neno moja au mawili.

Chokaa ilipikwa hivi. Magogo ya mikoko yalipangwa chini kwa duara, tabaka juu ya tabaka, pakaachwa uwazi katikati wa kutilia moto. Juu yake yakapangwa matumbawe yaliyovunjwa vipande, kwa kuwa kipande kikubwa huiva nje kikabaki kibichi ndani. Moto ulipowashwa ulishika tangu katikati ukaenea pembeni, na upepo wa bahari ukauchochea, mpaka kuni zote zikawa makaa na mawe yakatelemka juu ya majivu yakiwa meupe. Joto linalohitajika kulivunja jiwe hilo ni kadiri ya nyuzi 900 za sentigredi, na hapakuwa na chombo cha kulipimia. Palikuwa na jicho la fundi, aliyeijua rangi ya moto, na mkono wake, uliojua wepesi wa jiwe.

Huo wepesi ndio mizani ninayoitaja. Tumbawe lililoiva hubaki na umbo lake karibu vile vile, lakini ukiliinua huhisi kwamba kitu kimelitoka. Katika frasila 100 za jiwe safi hutoka frasila 44 nzima, zaidi kidogo ya thuluthi mbili za tani, zikapaa hewani pasipo mtu kuziona, na zilizosalia ni 56. Na ikiwa fundi ametia frasila 10 akapata 6.7 badala ya 5.6, basi kilichotoka ni 3.3 katika 4.4 iliyopasa kutoka, na robo ya jiwe lake haikuiva. Robo hiyo ndiyo kiini kizito ambacho mafundi hukitupa kando. Fundi alijua kwamba jiwe limepungua; kilichotoka hakukiona. Katika Ulaya jambo hilo lilipata kuthibitishwa na Joseph Black wa Scotland, aliyechapisha mwaka 1756 majaribio yake juu ya magnesia na chokaa, akaonyesha kwa mizani kwamba uzito uliopotea motoni ni uzito wa hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Naona ni haki pande zote mbili zitajwe darasani, mwanachuoni aliyepima hewa na wapikaji wa chokaa ambao majina yao hatunayo.

Hata mikoko ina hesabu yake. Kuligeuza jiwe la kilo 1 kunataka kilojuli 1,780, bila ya joto la kulipasha moto, na kuni kavu za kilo 1 hutoa kilojuli 15,000 na zaidi. Kwa hiyo kitabuni mzigo mdogo ungetosha. Tanuu la wazi, hata hivyo, hutupa angani sehemu kubwa ya moto wake, na ndiyo sababu kilihitajika kichaka kizima cha mikoko, mti mzito uwakao polepole.

Chokaa iliyotoka motoni haikutumika papo hapo. Ilimwagiwa maji, ikatokota na kufuka moshi, kila sehemu 56 zikinywa sehemu 18 za maji zikawa 74, nayo ikaachwa muda mrefu ilainike. Iliyokusudiwa ukuta ilichanganywa na mchanga. Iliyokusudiwa chombo ilipondwa pamoja na mafuta ikawa deheni ya kupaka chini ya dau, kwa maana chokaa na shahamu hufanya sabuni isiyoyeyuka majini. Na chembe ndogo iliingia katika tambuu za wazee. Ukutani nako jambo la ajabu hutendeka taratibu: chokaa huirudisha hewa ile ile, sehemu 74 zikichukua 44 za hewa ukaa, maji 18 yakitoka, na 100 za jiwe zikarejea.

Jubaland, penye Kismayu na visiwa hivi, ilipotolewa na Waingereza kwa Waitalia mwaka 1925 saruji ilikuwa imekwisha kupita utoto wake, kwa kuwa hati miliki ya saruji ya Portland ni ya mwaka 1824, na katika majengo ya bandari na serikali chokaa ya tanuu ikaanza kupoteza heshima. Vita vya Somalia vilivyoanza mwaka 1991 vikawatawanya Wabajuni wengi mpaka Lamu, Mombasa na Uingereza, na ujuzi wa mkono ukatawanyika nao.

Lipo, hata hivyo, jaribio ambalo mwalimu wa pwani aweza kulifanya bila ya kugusa ukuta wowote uliosimama. Na atwae kipande cha chokaa ya ukutani kilichokwisha kuanguka, akipime gramu 10, akitie katika asidi, akikusanye kinachotoka. Jiwe safi la chokaa lingetoa, katika joto la chumba, lita 2.4 za hewa ukaa; kikitoa lita 1.2, basi nusu ya kipande ni mchanga, na kipimo cha fundi aliyefariki zamani kimejulikana. Ila mwalimu autazame kwanza mchanga wenyewe, kwa kuwa mchanga wa visiwani una maganda ya kombe na chembe za matumbawe, na hizo nazo hutoa hewa. Itampasa apime kando mchanga wa ufuo ule ule, aiondoe hewa yake, ndipo aandike jawabu.