Peremende za Watoto na Mjadala wa Istihala

Sikukuu ya Idi ikifika Ngara, watoto wa madrasa hugawiwa peremende. Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi, hivyo pakiti iliyoko dukani yaweza kuwa imetoka mbali. Je, tunajua kilichomo ndani yake?

Wazee wetu hawakusumbuliwa na swali hili. Kashata ni sukari na nazi au karanga. Ubuyu ni mbegu za mbuyu, sukari na rangi. Halua ya Unguja na Oman hutiwa samli, nayo ni ya mnyama halali. Mpishi alijulikana, na alichotia sufuriani kilionekana.

Kiwanda kilibadili mambo. Peremende laini za kuvutika aghalabu hugandishwa kwa jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Rangi nyekundu iitwayo E120 hutokana na wadudu.

Hapo ndipo wanazuoni walipohitilafiana. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Amman, Jordan, lilijibu maswali yaliyotoka Washington: haijuzu kutumia jelatini ya nguruwe katika chakula, kwani ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisheria inatosheleza. Mei 1995 semina ya wanazuoni na matabibu huko Kuwait ilisema vingine: jelatini iliyogeuka dhati yake ni tohara na inaliwa.

Hoja ya Kuwait ni istihala, yaani najisi kugeuka kuwa kitu kingine, kama mvinyo unavyogeuka siki. Mahanafi wameupanua mlango huu. Madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, yameubana: siki iliyogeuka yenyewe, na ngozi ya mzoga iliyodibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Hata jelatini ya ng'ombe huulizwa: alichinjwaje?

Hoja ya Amman ina ushahidi kwetu. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wamelima mwani wa kuuza nje, ambao hutolewa kigandishi kiitwacho E407. Kigandishi cha mimea kipo, basi dharura iko wapi?

Kwa hiyo pakiti yenye alama ya wasiokula chochote cha mnyama hutuepusha na jelatini na wadudu. Lakini tutahadhari mara mbili. Kwanza, alama hiyo haisemi kitu juu ya pombe inayoyeyushia ladha. Pili, watu hao huacha hata asali. Sisi hatuiachi asali ya misitu ya Biharamulo, kwani Surat an-Nahl imeisifu kuwa ni ponyo, na Surat al-Maida imetukataza kuharamisha vizuri tulivyohalalishiwa. Tuazime alama yao, tusiazime itikadi.

Tunawanasihi maimamu: someni pakiti kabla ya kugawa, msimhukumu muuza duka bila ujuzi, na penye shaka wapeni watoto kashata.

Wallahu a'lam.