Ukuta badala ya nyota: Siri ya timu za Marekani zilizotwaa ubingwa kwa kujihami

KATIKA futiboli ya Kimarekani, hakuna mchezaji anayetazamwa zaidi ya kwotabeki. Ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, ndiye anayeamua autupe kwa nani, na ndiye anayelipwa fedha nyingi kuliko wenzake. Timu ikishinda husifiwa yeye, na ikishindwa hulaumiwa yeye.

Hata hivyo, historia ya ligi ya NFL ina ushahidi wa kutosha kwamba kombe linaweza kuchukuliwa kwa njia nyingine. Zipo timu zilizowekeza katika safu ya ulinzi, zikampa kwotabeki kazi moja tu ya kutoharibu, na zikamaliza msimu zikiwa mabingwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Baltimore Ravens ya msimu wa 2000.

Mchezo unavyokwenda

Kwa msomaji aliyezoea soka, ni vema kueleza kwanza jinsi mchezo huu ulivyo. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, lakini wanaoshambulia si wale wanaolinda. Mpira ukibadilisha mikono, kundi moja hutoka na jingine huingia. Kwa hiyo timu moja ni kama majeshi mawili yenye makocha tofauti, wachezaji tofauti na mafunzo tofauti.

Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa humwachia mpinzani mpira. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli, yaani kufunga tachidauni, huleta pointi sita, na kuupiga kwa mguu kati ya milingoti huleta pointi tatu.

Hapo ndipo hesabu ya timu inayotegemea ulinzi inapoanza. Ngome imara haizuii mabao tu. Inamlazimisha adui kuupiga mpira mbali akiwa karibu na goli lake, na hivyo washambuliaji wa upande wa pili huanza safari yao katikati ya uwanja badala ya kuanzia mbali. Zaidi ya hayo, walinzi wanaweza kudaka pasi ya adui au kumpokonya mpira na kufunga wenyewe. Timu ya namna hiyo haihitaji mtupaji hodari. Inahitaji mkimbiaji wa kula muda, mpiga mateke mwenye shabaha, na kwotabeki asiyetupa mpira mikononi mwa adui.

Baltimore walivyojenga

Ravens walianza kucheza mwaka 1996, baada ya mmiliki wao, Art Modell, kuihamisha timu yake kutoka Cleveland. Kazi ya kuchagua wachezaji ilikuwa mikononi mwa Ozzie Newsome, mchezaji wa zamani wa Cleveland ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa meneja mkuu wa kwanza mweusi katika ligi hiyo.

Katika NFL, kila mwaka timu hupeana zamu ya kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Katika zamu zake za kwanza, Newsome aliokota walinzi mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1996 alimchukua Ray Lewis akiwa wa 26, baada ya timu nyingine kumpita. Mwaka 1997 alimchukua Peter Boulware, mwaka 1998 Duane Starks, na mwaka 1999 Chris McAlister. Kwa wakongwe alimwongeza Rod Woodson, na mbele kabisa wakasimama Tony Siragusa na Sam Adams, watu wawili wenye miili mizito ambao kazi yao ilikuwa kuziba njia ili Lewis awe huru kumfuata mwenye mpira popote alipo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kocha mkuu, Brian Billick, hakuwa mtu wa ulinzi. Alikuwa ametoka Minnesota Vikings, ambako mwaka 1998 alisimamia safu ya ushambuliaji iliyofunga pointi 556, rekodi ya ligi wakati huo. Huko Baltimore alikuta hazina ya aina nyingine. Alimwachia Marvin Lewis ulinzi, naye akaurekebisha ushambuliaji ufanane na mali iliyokuwapo.

Oktoba ya njaa

Mtihani ulikuja Oktoba 2000. Kwa mechi tano mfululizo, Ravens hawakufunga tachidauni hata moja. Pointi zao zote zilitoka kwenye mguu wa mpiga mateke Matt Stover. Timu ya kawaida ingepoteza mechi zote tano, lakini Baltimore walishinda mbili, 12-0 dhidi ya Cleveland na 15-10 dhidi ya Jacksonville, kabla ya kupoteza tatu zilizofuata kwa tofauti ndogo ya pointi.

Katika kipindi hicho, Billick alimweka kando kwotabeki Tony Banks na kumpa nafasi Trent Dilfer. Huyu alikuwa amechaguliwa wa sita mwaka 1994 na Tampa Bay Buccaneers, akatarajiwa makubwa, lakini timu hiyo ilimwacha baada ya msimu wa 1999. Hakuwa nyota. Baltimore hawakumtaka awe nyota. Walimtaka aukabidhi mpira kwa kijana Jamal Lewis, aliyemaliza msimu wake wa kwanza akiwa amekimbia yadi 1,364, na atoe pasi pale tu inapobidi.

Baada ya kufungwa na Pittsburgh mwishoni mwa Oktoba, Ravens hawakupoteza tena. Walishinda mechi saba zilizobaki na kumaliza wakiwa na ushindi 12 na vipigo vinne. Katika mechi 16 waliruhusu pointi 165 tu, wakivunja rekodi ya Chicago Bears ya mwaka 1986 ya pointi 187. Wapinzani wote kwa jumla waliweza kukimbia yadi 970 tu, nayo ikawa rekodi kwa msimu wa mechi 16. Mara nne mpinzani aliondoka uwanjani bila pointi hata moja.

Usiku wa Tampa

Katika mechi za mtoano, Ravens waliwafunga Denver 21-3, Tennessee 24-10 na Oakland 16-3. Fainali ya Super Bowl ilichezwa Januari 28, 2001 mjini Tampa, katika mji uleule ambao Dilfer aliwahi kuonekana hafai.

New York Giants walisambaratishwa 34-7. Kwotabeki wao, Kerry Collins, alitupa pasi nne zilizodakwa na walinzi wa Baltimore, na moja kati ya hizo Starks alikimbia nayo yadi 49 hadi kufunga. Giants walipata yadi 152 tu kwa mchezo mzima. Pointi zao saba zilitokana na Ron Dixon kuurudisha mpira wa kuanzia hadi mwisho wa uwanja, na hata furaha hiyo haikudumu, kwani Jermaine Lewis wa Ravens alijibu papo hapo kwa kuurudisha mpira uliofuata. Ushambuliaji wa Giants wenyewe haukufunga chochote.

Dilfer alikamilisha pasi 12 kati ya 25 kwa yadi 153, na moja ilizaa tachidauni. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa Ray Lewis. Katika mechi nne za mtoano, ngome ya Baltimore na wenzao wote waliruhusu jumla ya pointi 23.

Hawakuwa peke yao

Ravens walifuata nyayo za Chicago Bears ya msimu wa 1985, waliokuwa na kocha wa ulinzi Buddy Ryan. Ryan alipeleka walinzi wengi mbele kumzonga kwotabeki kabla hajapata nafasi ya kutazama. Bears walishinda mechi 15 na kupoteza moja, wakazifunga timu mbili za mtoano bila kuruhusu pointi, kisha Januari 1986 wakawatandika New England 46-10.

Miaka miwili baada ya Baltimore, ikawa zamu ya Tampa Bay Buccaneers. Kocha Tony Dungy alikuwa ameijenga ngome hiyo tangu mwaka 1996 akisaidiwa na Monte Kiffin, lakini aliondolewa kabla ya kuonja tunda lake. Mrithi wake, Jon Gruden, alitwaa kombe Januari 2003 kwa kuwafunga Oakland 48-21. Rich Gannon wa Oakland, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi msimu huo, alidakwa pasi tano, na tatu kati ya hizo zikageuka tachidauni za Tampa Bay.

Februari 2014, Denver Broncos waliingia fainali wakiwa na rekodi ya ligi ya pointi 606 na Peyton Manning aliyetoa pasi 55 za tachidauni. Seattle Seahawks waliwafunga 43-8. Katika ngome hiyo ya Seattle, Richard Sherman na Kam Chancellor walikuwa wamechaguliwa katika raundi ya tano tu.

Manning huyohuyo alipata somo la pili kutoka upande wa pili. Msimu wa 2015, akiwa amechoka na kuumia, alitupa pasi tisa za tachidauni huku 17 zikidakwa na wapinzani. Hata hivyo Denver walitwaa kombe Februari 2016 kwa kuwafunga Carolina 24-10, na mchezaji bora wa fainali alikuwa mlinzi, Von Miller. Mkono uliovunja rekodi ulirudi bila kombe, na mkono uliochoka ukalibeba, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na ukuta.

Wapenzi wa soka watakumbuka jambo kama hilo katika fainali za Ulaya za mwaka 2004, Ugiriki ya kocha Otto Rehhagel ilipozitoa Ufaransa, Jamhuri ya Czech na hatimaye Ureno, kila moja kwa bao 1-0.

Fedha nazo zina neno

Hoja ya kujenga kwa ulinzi si ya uwanjani pekee. Tangu mwaka 1994, NFL imeweka ukomo wa fedha ambazo kila timu inaweza kuwalipa wachezaji wake. Mwaka huo wa kwanza ukomo ulikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2024 ulifikia dola milioni 255.4. Kila dola anayopewa mmoja ni dola ambayo mwingine hawezi kupewa.

Mwaka 2024, Dak Prescott wa Dallas Cowboys alisaini mkataba wenye wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Timu isiyo na mzigo wa namna hiyo inaweza kugawa fedha hizo kwa walinzi kadhaa wa kiwango cha juu. Seattle walinufaika hivyo, kwani kwotabeki wao, Russell Wilson, alikuwa bado katika mkataba wake wa kwanza wenye malipo madogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ukomo wa mishahara unaufanya msemo huo kuwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Mbona si wote wanaofanya hivyo?

Jibu la kwanza ni kwamba ukuta haudumu. Kwotabeki mmoja mzuri anaweza kucheza miaka 15. Ngome ya watu 11 inahitaji wote wawe wazima, wawe na umri unaofaa na wabaki pamoja. Baada ya ubingwa, Baltimore hawakumwongezea Dilfer mkataba. Walimleta Elvis Grbac wakiamini kwamba mtupaji bora angewafikisha mbali zaidi. Jamal Lewis akaumia goti kabla ya msimu, na Ravens wakatolewa na Pittsburgh kwa 27-10. Grbac aliacha mchezo baada ya msimu huo mmoja. Mwaka 2002 ukomo wa mishahara ukawalazimisha kuwaachia wachezaji wengi, na wakamaliza wakiwa na ushindi saba na vipigo tisa.

Jibu la pili ni sheria. Mwaka 1978 walinzi walikatazwa kuwagusa wapokeaji wa pasi baada ya yadi tano za mwanzo, na mwaka 2004 waamuzi walielekezwa kuisimamia sheria hiyo kwa ukali zaidi. Kanuni za kumlinda kwotabeki nazo zimeongezwa mara kwa mara. Kila badiliko limempa mtupaji nafuu na kumfunga mlinzi mikono.

Ravens wenyewe ni shahidi. Walipotwaa kombe lao la pili, Februari 2013, waliwafunga San Francisco 34-31, na mchezaji bora wa fainali alikuwa kwotabeki Joe Flacco. Wiki chache baadaye alipewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 120.6, uliokuwa mkubwa kuliko wote katika ligi wakati huo.

Lakini njia ya ukuta haijafungwa. Februari 2025, Philadelphia Eagles waliwafunga Kansas City Chiefs 40-22 mjini New Orleans. Walimwangusha Patrick Mahomes, kwotabeki aliyesifiwa kuliko wote wa kizazi chake, mara sita kabla hajatoa pasi. Ni kweli kwamba Eagles walikuwa na kwotabeki anayelipwa vizuri, Jalen Hurts, na mkimbiaji hatari, Saquon Barkley. Hata hivyo, walioamua mchezo usiku ule walikuwa walinzi.

Hivyo, timu isiyo na kwotabeki mkubwa haijakatazwa kuota kombe. Inachotakiwa kufahamu ni kwamba nafasi yake ni fupi. Ikichagua walinzi sahihi, ikawapata wakiwa vijana na kwa bei nafuu, ina misimu miwili au mitatu ya kuvuna. Baltimore walivuna katika muda wao, na rekodi ya pointi 165 haikuvunjwa katika misimu yote iliyofuata ya mechi 16.