Chuo na Maji

Miongoni mwa sanaa zilizopata kufundishwa katika vyuo vikuu, ipo moja isiyo na shahada wala cheo, lakini aliyeikosa huweza kupotewa na nyingine zote kwa muda wa dakika chache. Sanaa hiyo ni kuogelea. Mwanafunzi aweza kuhitimu sheria, utabibu au uhandisi, akaijua kwa moyo kanuni ya Archimedes juu ya vitu vieleavyo, kisha akafa katika kina kinachompita kimo kwa shibiri moja. Kwa sababu hiyo, vyuo vilivyojengwa kando ya mito, maziwa na bahari vimelazimika tangu zamani kukata shauri: mwanafunzi azuiwe asiyaendee maji, aachwe ajitafutie mwenyewe ujuzi wake, au afundishwe? Majibu yote matatu yamejaribiwa, na kila moja limeacha funzo.

Jibu la kwanza lilikuwa marufuku. Mto Cam hupita kando ya majengo ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Katika mwaka wa 1571 wakuu wa chuo hicho walitoa amri kwamba mwanafunzi atakayeingia katika mto, kidimbwi au maji mengine yoyote ya wilaya ile, mchana au usiku, kwa kuogelea au kwa kuoga, atapigwa viboko hadharani. Na akirudia kosa, atafukuzwa. Aliyekwisha pata shahada ya kwanza hakupigwa, bali alifungwa miguu katika mkatale kwa siku nzima na kutozwa faini. Kwa msomaji wa leo amri hiyo yaweza kuonekana kuwa ukatili mtupu, lakini haikukosa sababu. Mto ulikuwa adui wa kweli, na waliojua kushindana nao walikuwa wachache. Kasoro ya amri ile ni kwamba marufuku humlinda mtiifu peke yake. Asiyetii huenda mtoni kwa siri, usiku, bila ya mwenzi wa kumwokoa. Na mtiifu naye, siku chombo chake kitakapopinduka, hana alilojifunza.

Jibu jingine lilitoka katika chuo hicho hicho. Miaka 16 baada ya amri, yaani katika mwaka wa 1587, Everard Digby, mwanachuoni wa St John's College, alipiga chapa kitabu cha Kilatini kilichoitwa De Arte Natandi, maana yake Sanaa ya Kuogelea. Hakikuwa cha kwanza katika Ulaya, kwa maana Nikolaus Wynmann alikuwa amekwisha toa chake katika Ujerumani mwaka wa 1538, akiwa na nia ya kupunguza vifo vya majini. Lakini kilikuwa cha kwanza cha namna yake kupigwa chapa Uingereza. Digby alionyesha kwa picha jinsi ya kuingia mtoni, kugeuka, kuelea chali na kupiga mbizi. Alimwonya msomaji juu ya kingo zenye utelezi, akamshauri asiende peke yake. Kati ya mafunzo yake mna hata namna ya kukata kucha za miguu huku mtu yumo majini, jambo la kuchekesha, lakini lenye maana: awezaye kukaa majini kwa utulivu kiasi hicho haogopi tena. Kitabu kilifupishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1595, na elimu yake ikamfikia Mfaransa Melchisédech Thévenot, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1696 kilisomwa katika nchi nyingi.

Mmoja wa waliokisoma ni Benjamin Franklin, mzaliwa wa Boston. Akiwa kijana mpiga chapa London, mwaka wa 1726 aliogelea katika mto Thames kutoka Chelsea mpaka Blackfriars, mwendo wa zaidi ya maili 3, akiwaonyesha rafiki zake michezo ya juu na ya chini ya maji. Mwaka wa 1749 alipoandika mapendekezo ya shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitaka vijana wazoezwe kukimbia, kuruka, kupigana mieleka na kuogelea. Alitaja faida moja iliyo nje ya afya, nayo ni kuokoka na utumwa wa hofu unaowashika wasiojua kuogelea kila wapandapo chombo, hata kama ni kivuko cha mtoni. Kwa rafiki mmoja aliyeogopa maji alieleza njia nyepesi. Mtu aingie mpaka maji yamfike kifuani, ageuke atazame ufukoni, atupe yai mbele yake, kisha ajizamishe kulifuata. Hapo atagundua ajabu: maji yanamsukuma juu, na kulifikia yai ni kazi kubwa kuliko alivyodhani. Franklin alifahamu kwamba anayejifunza huhitaji kwanza kuyaamini maji, na mwendo wa mikono na miguu hufuata baadaye.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ujuzi huu ulizaliwa vyuoni. Wakati Wazungu wengi wa kaskazini walipokuwa wakiogopa mito yao, msafiri Mholanzi Pieter de Marees aliandika katika mwaka wa 1602 juu ya watu wa pwani ambayo leo ni ya Ghana, akawasifu kuwa waogeleaji na wapiga mbizi hodari. Mwaka wa 1844 wanaume wawili wa kabila la Ojibwe kutoka Amerika ya Kaskazini walishindana katika bwawa moja la London. Walirusha mikono juu ya maji kwa zamu na kupiga maji kwa miguu, wakaenda kwa kasi iliyowashangaza watazamaji. Gazeti liliwafananisha na mapanga ya kinu cha upepo, na Waingereza wakaendelea kwa miaka mingi kuogelea kama chura, wakiona huo ndio mtindo wa kiungwana. Leo mwendo uliodhihakiwa, katika umbo lililotengenezwa zaidi, ndio utumiwao na washindani wote wa mtindo huru. Elimu iliyodharauliwa ilikuwa bora kuliko elimu ya waliodharau.

Jibu la tatu, yaani kumfundisha kila mwanafunzi, lilisukumwa na misiba. Tarehe 15 Juni, 1904, meli General Slocum iliwaka moto katika East River, New York, si mbali na nchi kavu. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa katika matembezi ya kanisa. Maboya ya kuvaa yalikuwa yameoza, na waliojua kuogelea walikuwa wachache. Mwaka wa 1914 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianza kazi ya kufundisha uokoaji majini chini ya Wilbert Longfellow. Vita Vikuu viwili vilifuata, na majeshi yakaona kwamba kijana asiyeweza kuelea hafai kupelekwa ng'ambo kwa meli. Vyuo vingi vya Marekani vikaweka sharti: asiyeweza kuogelea yadi kadha wa kadha hatapewa shahada. Huko Harvard husimuliwa kwamba sharti hilo liliwekwa na mama wa Harry Elkins Widener, aliyekufa katika Titanic mwaka wa 1912, alipotoa mali ya kujengea maktaba yenye jina la mwanawe. Hadithi ni tamu, lakini haina ushahidi, na chanzo cha kweli cha mitihani hiyo hakikuwa huzuni ya mtu mmoja.

Aliyelifikisha jibu hilo mbali kupita wengine ni Fred Lanoue, mwalimu wa kuogelea katika chuo cha ufundi cha Georgia Tech, mjini Atlanta. Kwa muda wa miaka mingi tangu mwanzo wa miaka ya 1940, wanafunzi wake walifungwa mikono na miguu kwa kamba, wakatiwa majini, wakatakiwa wakae humo muda mrefu bila kuzama. Asiyejua siri aliona ni adhabu, lakini siri ilikuwa nyepesi. Mwili wa mtu aliyejaza pumzi mapafuni ni mwepesi kidogo kuliko maji, ila kichwa ni kizito. Anayeng'ang'ania kukiweka chote nje hutumia nguvu zake zote kubeba mzigo ambao maji yangeubeba bure. Basi mwanafunzi alifundishwa kuulegeza mwili, kulaza uso majini, kuning'inia kimya, kisha kila baada ya sekunde chache kuinua kinywa kwa mwendo mdogo, kuvuta pumzi, na kurudi kupumzika. Mwaka wa 1963 Lanoue alitoa kitabu juu ya njia yake, na zoezi la kufungwa kamba limebaki katika mafunzo ya makomandoo wa jeshi la maji la Marekani.

Wahenga wa Kiswahili walinena: mfa maji haachi kutapatapa. Walieleza sawasawa tabia ya mwili uliokumbwa na hofu. Mikono hupiga juu, kichwa huelekezwa mbinguni, pumzi hukatika, na kila pigo humpunguzia mtu uhai anaojaribu kuuokoa. Mafunzo ya Lanoue yalikusudiwa kuivunja tabia hiyo, na ndiyo sababu ya kamba: aliyefungwa hawezi kutapatapa, hana budi kutulia. Mwili wenye siha husaidia, kwa kuwa mapafu na moyo vilivyozoezwa huchelewa kuchoka. Lakini mwanamichezo mwenye misuli ya chuma huzama mbele ya mzee mtulivu. Hata hivyo njia ile nayo ilikuwa na mpaka wake. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walionyesha kwamba katika maji baridi mtu alazaye uso majini hupotewa na joto upesi zaidi. Kwa hiyo siku hizi aliyeanguka majini hushauriwa aelee chali, uso juu, atulie mpaka mshtuko wa kwanza upite na pumzi zirudi, ndipo aite msaada au aanze safari ya ufukoni.

Swali kubwa zaidi la historia hii ni nani aliyeruhusiwa kujifunza. Chuo cha Georgia Tech kilipokea wanawake wa kwanza mwaka wa 1952, na wanafunzi weusi wa kwanza mwaka wa 1961. Nje ya malango ya vyuo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wajukuu wa wapiga mbizi waliosifiwa na de Marees walikatazwa kuingia katika mabwawa ya miji waliyoilipia kodi. Tarehe 21 Juni, 1949, watoto weusi waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza katika bwawa la Fairground Park, mjini St. Louis, walishambuliwa na kundi kubwa la watu. Mji wa Jackson, Mississippi, ulipolazimishwa kuacha ubaguzi, uliona heri kufunga mabwawa yake kuliko kuwachanganya watu, na mwaka wa 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kufunga huko hakukuvunja katiba. Mzazi asiyefundishwa hana cha kumrithisha mwanawe isipokuwa hofu. Mpaka leo Wamarekani weusi hufa maji kwa kiwango kinachozidi kile cha weupe. Ni deni la ubaguzi linalolipwa na watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya vibao vya ubaguzi kung'olewa.

Jambo hilo limeufanya mtihani wa kuogelea wenyewe ushitakiwe. Chuo Kikuu cha Chicago kiliacha sharti lake mwaka wa 2012, na Dartmouth kiliamua kuliondoa mwaka wa 2022. Waliolipinga walisema kwamba mtihani humwaibisha yule ambaye hakupata bwawa wala mwalimu utotoni. Waliolitetea walisema kwamba huyo ndiye hasa anayelihitaji, kwani chuo ni nafasi yake ya mwisho ya kufundishwa bila gharama kubwa. Pande zote mbili zina haki, na suluhu haiko mbali. Mtihani bila mafunzo ni dharau. Kufuta mtihani na mafunzo pamoja ni kurudi Cambridge ya 1571 kwa njia ya upole, kwa kuwa mwanafunzi anaachwa na ujinga wake wa zamani, ila hapigwi viboko.

Afrika ya Mashariki haina udhuru wa kulitazama jambo hili kama habari za wageni. Tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Kati yao walikuwamo vijana wanafunzi. Tarehe 20 Septemba, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapotea. Ni kweli kwamba kuogelea peke yake hakungewaokoa wote, maana chombo kilichopakiwa kupita kiasi humzamisha hata hodari, na mzigo wa kwanza wa lawama ni wa wanaosimamia vyombo. Lakini kivuko alichokitaja Franklin katika mwaka wa 1749 ni kile kile, na hofu ni ile ile. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo au cha kati.

Pwani na maziwa ya nchi hizi yana wavuvi wanaoyajua maji kuliko kitabu chochote, na yana vyuo vilivyojaa vijana ambao hawajawahi kulaza uso majini. Kati ya hawa wawili pana mwendo mfupi ambao bado haujaendwa ipasavyo. Saa chache za mafunzo katika maji yanayofika kifuani, mbele ya mwalimu mvumilivu, zatosha kumwonyesha mtu lile ambalo yai la Franklin lilionyesha: kwamba maji humbeba anayetulia. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi hayo hakimwongezei cheo. Humlindia yule ambaye vyeo vyote vingine vimeandikwa kwa jina lake.