Mtoto Aliyeitwa Mzito

Historia ya UKIMWI Kenya tumeiandika kwa makaburi. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa, nasi tukazoea kuhesabu waliokufa. Waliobaki hai lakini vichwa vyao vimeguswa, nani aliwahesabu?

Kirusi hiki huingia ubongoni wiki chache tu baada ya kuingia mwilini. Hujificha ndani ya seli za ulinzi za ubongo. Zikichokozwa miaka na miaka, seli za fahamu zilizo jirani nazo huumia. Mtu mzima husahausahau, huchelewa kujibu. Kwa mtoto aliyezaliwa nacho ni kubaya zaidi, maana ubongo wenyewe bado unajengwa: anaweza kuchelewa kutembea, kuongea, kusoma. Halafu mwalimu anamwita mvivu!

Padri Angelo D'Agostino, aliyeanzisha makao ya watoto ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992, alikuwa pia daktari wa magonjwa ya akili. Shule za umma ziliwafungia watoto wake mlango. Ikabidi kesi ifike kortini, na Januari 2004 ndipo wakakubaliwa. Sasa utasemaje mtoto ni mzito na hujamruhusu hata kukaa kwenye dawati?

Kabla ya kufariki Novemba 2006, padri alikuwa akijenga kijiji kule Kitui, yatima na wazee wakae nyumba moja. ARV zikianzwa mapema huulinda ubongo sana, ila sharti zimezwe kila siku. Mtoto anayesahausahau anahitaji wa kumkumbusha. Huko Ukambani, mara nyingi ni susu, nyanya yake, ambaye naye umri umeanza kumsahaulisha.