KAMPAVANI PWANI YA HISPANIA WAKATI WA BARIDI: JUA LIPO, UTALALA WAPI?



Kila ikifika Novemba kuna safari huanza kule Ulaya ambayo wengi wetu tunaiona kwenye picha tu. Wazee wa Kijerumani na Kiholanzi wanafunga nyumba zao, wanaingia kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo, halafu wanashuka kusini hadi pwani ya Hispania na kukaa huko mpaka Machi. Picha ni ile ile kila mwaka: gari, kiti, bahari, jua na kikombe cha kahawa. Ukiiona unajiuliza, hawa watu wana hela kiasi gani? Na mimi nikija kupata upenyo, inakuwaje?

Mimi mwenyewe sijakanyaga huko, sitawadanganya. Ila nimelichimba hili jambo kwa muda, na nimeona swali kubwa si jua wala hela. Jua lipo la kutosha. Swali ni utalala wapi, na nani amekuruhusu kulala hapo. Twende taratibu.

KAMPAVANI NI GARI GANI?

Ni gari-nyumba. Mara nyingi ni Fiat Ducato, Mercedes Sprinter au Volkswagen, yaani ndugu wa Hiace zetu, ila ndani badala ya viti vya abiria kuna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na choo. Leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu hadi kilo 3,500, na hapo watu, maji na mizigo vyote vinahesabiwa. Ukijaza vyombo kama unahama nyumba, polisi wakikupima umekwisha.

Gari la kawaida hubeba maji safi kama lita 100, lina tanki la maji machafu, na choo chake kina kisanduku cha lita kama 20 ambacho unakichomoa na kwenda kukimwaga. Watu wawili wakijibana, maji hayo ni ya siku 3 hivi. Kumbuka hilo, kwa sababu maana yake kila baada ya siku 3 lazima upate sehemu halali ya kujaza na kumwaga. Uhuru wa kampavani una kamba, na kamba yenyewe ni fupi.

KWA NINI HUKO KUNA JUA?

Mawingu mengi ya mvua ya Hispania yanatoka Atlantiki, upande wa magharibi. Yakigonga milima kama Sierra Nevada, ambayo kilele chake Mulhacén kinakaribia mita 3,480, yanamwaga maji upande ule, na huku pwani ya kusini mashariki panabaki pakavu. Rasi ya Cabo de Gata, mkoa wa Almería, inapata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka. Ni moja ya sehemu kavu kabisa barani Ulaya.

Mwezi Januari, mchana pale Alicante au Almería joto linafika nyuzi 17 hivi, usiku linashuka hadi 7 au 8. Wakati huo Berlin mchana ni nyuzi 3, na London mwezi Desemba mwanga wa mchana haufiki saa 8.

Sasa usije ukadhani ni jua la Coco Beach! Nyuzi 17 kwa mtu wa Dar ni sweta mbili. Maji ya bahari ni nyuzi 14 au 15, wanaoogelea ni wachache. Lakini kwa mzee aliyeacha theluji mlangoni, hapo amefika.

NJIA INAVYOKWENDA

Kutoka La Jonquera, mpakani na Ufaransa, hadi Almería ni kama kilomita 950, inazidi Dar hadi Mbeya kwa kilomita 100 hivi. Gari linakula kama lita 10 kwa kilomita 100, kwa hiyo piga hesabu ya lita 95 za dizeli. Barabara ya haraka ni AP-7. Tozo zake ziliondolewa kati ya Tarragona na Alicante tarehe 1 Januari 2020, na kutoka mpakani hadi Tarragona tarehe 1 Septemba 2021. Baadhi ya vipande vya kusini bado vinalipiwa. Wasio na haraka wanapita N-340 ya zamani, ambayo sehemu nyingi inafuata Via Augusta, barabara ya Warumi.

Vituo vyenyewe:

- La Jonquera: hapa kuna upepo wa kaskazini unaoitwa tramontana. Gari refu kwenda juu linayumba vibaya. Ukivuma sana, watu wanapaki na kusubiri.
- Barcelona: tangu 2020 kuna eneo ambalo magari yenye moshi mchafu hayaingii, na gari la nchi nyingine lazima lisajiliwe kwanza. Wengi wanaupita mji kwa mbali.
- Delta ya mto Ebro: mashamba ya mpunga na ndege aina ya heroe.
- Peñíscola: ngome juu ya mwamba baharini. Humo aliishi Papa Luna, aliyeng'ang'ania kuwa Papa wakati Kanisa limegawanyika, akafia hapo mwaka 1423.
- Valencia: machungwa yanavunwa kipindi hiki hiki cha baridi. Yanauzwa barabarani, usichume ya shamba la mtu.
- Calpe na Benidorm: mwamba wa Ifach, mita 332, na maghorofa ya watalii.
- Elche: msitu mkubwa wa mitende, uliowekwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Mifereji yake ni ya zama za Waarabu. Hata neno la Kihispania la sukari, azúcar, lina asili ya Kiarabu kama letu.
- Tabernas: jangwa la mkoa wa Almería ambako Sergio Leone alipigia picha filamu zake za makauboi miaka ya 1960. Wale makauboi tuliowaona kwenye mabanda ya video walikuwa Hispania, siyo Texas!

UMEME, GESI NA JOTO LA USIKU

Watu wanafunga paneli ya sola juu ya gari wakidhani mambo yameisha. Mwezi Desemba saa sita mchana, jua la Almería liko nyuzi 30 tu juu ya upeo, kwa hiyo paneli iliyolazwa juu ya paa inapata karibu nusu ya mwanga ambao ingepata kama ingelitazama jua moja kwa moja. Jua unaliona, betri hailioni.

Gesi nayo ina somo lake. Butani inagoma kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri, wakati propani inafanya kazi hata kwenye baridi kali. Ndiyo maana anayepita milimani anachagua propani.

Na hili la mwisho ni la uhai. Kuwasha jiko ili kupasha joto gari lililofungwa ni sawa na kulala na jiko la mkaa chumbani. Ile hewa ya sumu haina harufu, unalala huamki. Lazima matundu ya hewa yawe wazi na kengele ya kunusa hiyo sumu iwepo. Wabongo tunalijua hili, tumezika watu.

SHERIA: KUPAKI NA KUPIGA KAMBI NI VITU VIWILI

Hapa ndipo wengi wanaumia. Mamlaka ya usalama barabarani ya Hispania ilitoa mwongozo mwaka 2008 na mwingine mwaka 2023. Kwa ufupi: kama gari limepakiwa kihalali, unachofanya ndani, hata kulala, hakilifanyi kuwa kambi. Lakini magurudumu tu ndiyo yaguse chini. Ukitoa kiti, meza au turubai la kivuli, au ukamwaga maji, hapo umeshapiga kambi, na kambi ina sheria nyingine na faini nyingine.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Pwani ya mwaka 1988, inayokataza kuegesha magari na kupiga kambi ufukweni. Na kwenye hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar, kambi za kiholela ni marufuku. Kwa hiyo ile picha ya kiti na kahawa mbele ya mawimbi? Mara nyingi kosa limo humo humo kwenye picha.

Miji mingi imechoka pia. Mtu mmoja akimwaga kisanduku cha choo kichakani, asubuhi wenyeji wanapiga kelele, kesho yake kunafungwa chuma cha mita 2 kwenye mlango wa maegesho na kampavani zote hazipiti. Suluhisho ni maeneo maalumu yanayoitwa área de autocaravanas, yenye maji na sehemu ya kumwaga. Mengine ni bure, mengi ni kama euro 10 hadi 15 kwa usiku. Kambi za kulipia nazo hupunguza bei kwa anayekaa mwezi mzima wakati wa baridi.

USILALE KWENYE KORONGO

Pwani hii imejaa mito mikavu, wanaiita rambla, neno lililotoka kwenye neno la Kiarabu la mchanga. Pamenyooka, pana kimya, hapana mtu. Panavutia kweli kupaki. Usithubutu! Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko ya Valencia yaliua watu zaidi ya 220. Baadhi ya miji iliyofunikwa haikupata mvua ya maana, maji yalitoka milimani yakashuka kwenye makorongo. Na Januari 2020 dhoruba iliyopewa jina Gloria ilisukuma bahari ikafunika mashamba ya mpunga ya Delta ya Ebro. Anayekaa bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa zaidi.

WENGINE WANAOLALA HUKO HUKO

Ukitoka Cabo de Gata kuelekea El Ejido utaona kama bahari ya pili, nyeupe. Ni plastiki. Mkoa wa Almería una zaidi ya hekta 30,000 za vitalu nyumba, na nyanya, hoho na matango mengi yanayoliwa Ulaya kaskazini wakati wa baridi yanatoka humo. Wavunaji wengi ni wahamiaji kutoka Moroko, Mali, Senegali na kwingineko. Baadhi hawana vibali na hawapati wa kuwapangisha, kwa hiyo wanalala kwenye vibanda vya mbao na plastiki kuukuu. Januari 2023 halmashauri ya Níjar ilibomoa makazi ya vibanda ya El Walili, yaliyokuwa na mamia ya watu.

Mzee wa kampavani na kijana wa Mali wanaweza kununua mkate duka moja. Wote wanaishi kwenye kijumba kisicho na anwani. Mzee akifukuzwa anawasha gari anahamia mji wa pili. Kijana akifukuzwa analetewa katapila. Sisemi mzee ana kosa, na nyanya anazokula kachuma huyo kijana. Nasema tu jua ni moja.

NA SISI WENYE PASIPOTI ZA HUKU?

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Kikomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Waingereza nao kikomo hicho kinawabana tangu 2021, baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, na tangu Oktoba 2025 alama za vidole zilianza kuchukua nafasi ya muhuri mpakani. Kukodi gari utahitaji leseni ya kimataifa, na kampuni nyingi zinataka uwe na miaka 25.

Na kwenye maombi ya viza wanataka uthibitisho wa nini? Wa mahali utakapolala! Ukiwaandikia "ndani ya gari" hawakuelewi. Inabidi uoneshe nafasi ulizolipia kambini, usiku kwa usiku. Swali ni lile lile, ila sisi tunaulizwa kabla hata hatujaona bahari.

Mdau uliyeko Ulaya uliyewahi kulala kwenye haya magari, au uliyefanya kazi kwenye vitalu vya Almería, dondosha maoni hapo chini. Nikikosea, sahihisha, hatugombani. Dakika zangu za kafe zinaisha.